Maisha ya Mwandishi: Henrik Ibsen na Mawe ya Wahakiki

UTANGULIZI

Mwanafunzi mpenzi, kabla hujaanza kusoma uchambuzi wa tamthilia ya Adui wa Umma, ni muhimu umfahamu mtu aliyeiandika na hali iliyomsukuma kuiandika. Watahiniwa wengi huiruka sehemu hii kwa sababu mtihani hauwaulizi mwandishi alizaliwa lini. Wanakosea. Tamthilia hii ilitokana na kipindi kichungu katika maisha ya Henrik Ibsen, kipindi ambacho magazeti ya nchi yake yalimtukana, wauzaji vitabu wakarudisha kitabu chake na kumbi za maonyesho zikamfungia milango. Ukikielewa kipindi hicho, utaelewa kwa nini Daktari Stockmann anasimama peke yake mbele ya umati, na kwa nini mwandishi anampenda na bado anamcheka.

Ibsen aliandika kwa lugha ya kwao Norwe. Katika mwongozo huu majina ya tamthilia zake yamewekwa kwa Kiswahili. Nyumba ya Mwanasesere, kwa mfano, ndiyo ile ambayo shule zetu ziliisoma kwa Kiingereza kwa jina A Doll's House, na ambayo ilitahiniwa hadi mwaka wa 2022.

KUZALIWA NA MALEZI

Henrik Ibsen alizaliwa tarehe 20 Machi 1828 katika mji mdogo wa Skien, kusini mwa Norwe. Baba yake, Knud, alikuwa mfanyabiashara aliyejiweza, na nyumba yao ilijaa wageni. Henrik alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, biashara ya baba ilianguka. Mali ikauzwa kulipa madeni, na familia ikahamia shamba la Venstøp nje ya mji. Wageni waliozoea kula mezani pao hawakuonekana tena. Mtoto huyu alijifunza mapema jinsi watu wanavyoweza kumsifu mtu leo na kumkimbia kesho. Funzo hilo utalikuta katika tamthilia zake nyingi.

Hakukuwa na karo ya kumwendeleza shuleni. Karibu na umri wa miaka kumi na sita alipelekwa katika mji wa bandari wa Grimstad kuwa mwanagenzi katika duka la dawa. Mchana alichanganya dawa na kuwahudumia wateja; usiku alisoma na kuandika. Alinuia kuingia chuo kikuu, na mwaka wa 1850 alikwenda Christiania, mji mkuu ambao leo unaitwa Oslo, kufanya mtihani wa kujiunga na chuo. Hakufaulu Kigiriki wala hesabu, na chuo hakukiingia. Ikiwa umewahi kupata alama zilizokufanya uone haya kurudi nyumbani, kumbuka kuwa mwandishi unayemsoma alipita njia hiyo.

TAMTHILIA YA KWANZA YAUZWA KWA UZANI

Kule Grimstad, kati ya kazi za duka na vitabu vya mtihani, Ibsen alikuwa ameandika tamthilia yake ya kwanza, Catilina, kuhusu mwasi wa Roma ya kale. Ukumbi mkuu wa Christiania uliikataa. Rafiki yake Ole Schulerud, ambaye naye hakuwa tajiri, alitoa pesa zake ili ichapishwe. Mwaka wa 1850 nakala 250 zilitoka kwa jina la kupanga. Ni chache mno zilizonunuliwa. Vijana hao wawili walikuwa na njaa, wakaziuza zilizobaki kwa uzani kama makaratasi ya kufungia bidhaa. Baadaye Ibsen mwenyewe alikisimulia kisa hiki kwa ucheshi. Siku hiyo, bila shaka, hakucheka sana. Lakini walau chakula kilipatikana.

MIAKA YA KUZOMEWA

Mwaka wa 1851 Ibsen aliajiriwa na ukumbi mpya wa maonyesho mjini Bergen. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandika tamthilia mpya kila mwaka, ionyeshwe tarehe 2 Januari, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa ukumbi huo. Onyesho la Januari 1853, Usiku wa Mtakatifu Yohana, lilizomewa. Ibsen aliikana tamthilia hiyo maisha yake yote na hakutaka iingizwe katika mkusanyiko wa kazi zake. Zingatia jambo hili: hakudai kwamba kila aliyemzomea alikuwa mjinga. Kazi mbovu aliijua kuwa ni mbovu, akaiacha.

Mwaka wa 1857 alirudi Christiania kuongoza ukumbi mwingine. Mwaka uliofuata alimwoa Suzannah Thoresen, na mwaka wa 1859 wakampata mtoto wao wa pekee wa ndoa, Sigurd. Ukumbi huo ulifilisika mwaka wa 1862. Mwisho wa mwaka huohuo alitoa Futuhi ya Mapenzi, tamthilia inayokejeli uchumba na ndoa za watu wa mji mkuu. Wasomaji walikasirika. Walisema mtu anayeandika hivi kuhusu ndoa hana maadili, na wengine wakaanza kuichungulia ndoa yake mwenyewe. Miaka baadaye alikumbuka kwamba wakati huo mkewe ndiye mtu pekee aliyekiunga mkono kitabu hicho.

Alikuwa na madeni, hana kazi, na jina lake limechafuka. Mwaka wa 1864, kwa msaada wa ruzuku ndogo na pesa alizochangiwa na rafiki yake, mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson, aliondoka Norwe akaenda Italia. Aliishi ughaibuni, Italia na Ujerumani, kwa takriban miaka 27.

NGE MEZANI

Akiwa Italia aliandika Brand, tamthilia ya kishairi kuhusu kasisi asiyekubali kulegeza msimamo kwa lolote. Ilichapishwa Copenhagen mwaka wa 1866 na ikampa sifa ghafla. Bunge la Norwe likamtengea pensheni ya kila mwaka, na njaa ikaisha.

Ibsen alisimulia kwamba alipokuwa akiandika Brand alikuwa na nge mezani, ndani ya glasi tupu. Mara kwa mara mdudu huyo alidhoofika. Ibsen alimtupia kipande cha tunda laini, naye nge akalirukia kwa hasira, akalidunga na kulitia sumu yake yote, kisha akapata nafuu. Ibsen aliona kwamba washairi nao wako hivyo. Sumu ikibaki ndani humwua mwenyewe. Sharti apate cha kuidungia. Ishike taswira hii, maana inaeleza jinsi Ibsen alivyokabiliana na wahakiki maisha yake yote. Tunda la Ibsen lilikuwa tamthilia inayofuata.

BARUA YA HASIRA

Hakuzaliwa na utulivu huo. Mwaka wa 1867 alichapisha Peer Gynt, tamthilia nyingine ya kishairi, akitarajia sifa. Mhakiki mashuhuri wa Denmark, Clemens Petersen, aliandika kwamba kitabu hicho si ushairi hasa. Ibsen alipoyasoma hayo akiwa Roma alipandwa na hasira, akamwandikia Bjørnson barua ndefu. Humo alisisitiza kwamba kitabu chake ni ushairi, na kwamba ikiwa hakilingani na maana ya ushairi inayojulikana Norwe, basi maana hiyo ndiyo itakayobadilika ili ikifuate. Alitishia hata kuacha ushairi na kujaribu kazi ya kupiga picha, awanase watu wa zama zake mmoja mmoja.

Lakini barua hiyo hakuimaliza siku hiyo. Alilala, na asubuhi akaiendeleza kwa sauti iliyopoa. Leo Peer Gynt inahesabiwa kuwa nguzo ya fasihi ya Norwe, kwa hivyo kuhusu kitabu Ibsen hakukosea. Kuhusu tishio la picha, alilitimiza kwa namna yake. Tamthilia iliyofuata, Chama cha Vijana ya mwaka wa 1869, iliandikwa kwa nathari, kwa lugha ya watu wanavyozungumza, na iliwachora wanasiasa wa kwao kama walivyo. Bjørnson alijiona ndani yake, na urafiki wao ukavunjika kwa miaka mingi.

Chama cha Vijana ilipoonyeshwa Christiania, ukumbi ulijaa mbinja na kelele za upinzani. Ibsen hakuwepo. Alikuwa hapa Afrika. Alikuwa miongoni mwa wageni walioalikwa Misri katika ufunguzi wa Mfereji wa Suez mwezi Novemba 1869, na habari za kuzomewa zilimfikia Port Said, katikati ya bendera za mataifa na mizinga ya sherehe. Safari hii hakuandika barua ya matusi. Aliandika shairi fupi juu ya tukio hilo, kisha akaendelea na safari yake.

NORA, NA MWANAMKE ALIYEKUWA NYUMA YA NORA

Desemba 1879 ilitoka Nyumba ya Mwanasesere. Nakala 8,000 za toleo la kwanza zilimalizika ndani ya mwezi mmoja, na tarehe 21 Desemba ikaonyeshwa Copenhagen kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa tamthilia Nora anamwacha mumewe na watoto wake, na mlango unasikika ukifungwa. Mlango huo ulizua ubishi katika nyumba za Ulaya nzima. Wengi walimshutumu Ibsen kwamba amewafunza wake kuzikimbia nyumba zao.

Nchini Ujerumani mwigizaji maarufu, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho huo kwa kuwa yeye hangewaacha watoto wake. Wakati huo sheria za hakimiliki hazikuilinda kazi ya Ibsen huko, na mtu yeyote angeweza kuibadilisha apendavyo. Ibsen alichagua kuubadilisha mwenyewe kuliko kuwaachia wengine. Katika mwisho huo mpya Nora anawatazama watoto wake na kuishiwa nguvu mlangoni. Hakuuficha uchungu wake. Alitangaza hadharani kwamba mwisho huo ni ukatili dhidi ya tamthilia yake. Hatimaye uliachwa, na mwisho wa kwanza ndio tunaousoma leo. Hapa tunaona kwamba hata Ibsen alipata kusalimu amri, na kwamba kusalimu amri kulimuuma kuliko kuzomewa.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii ambao mwanafunzi mwangalifu hafai kuupita. Laura Kieler alikuwa mwandishi kijana aliyemheshimu sana Ibsen. Mume wake aliugua kifua kikuu, naye akakopa pesa kwa siri ili ampeleke nchi yenye joto apone. Mume akapona, lakini deni likabaki. Mwaka wa 1878, akiwa amezongwa na wadai, aliandika muswada kwa haraka akamtumia Ibsen, akimwomba aupendekeze kwa mchapishaji wake. Ibsen aliusoma akaona haufai. Alimwambia hivyo bila kuzunguka, akakataa kuupendekeza, na kumshauri amweleze mumewe matatizo yake.

Laura aliuchoma muswada ule, kisha akaghushi hati ya malipo. Siri ilipofichuka, mumewe alimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa muda akatenganishwa na watoto wake. Baadaye alirudi nyumbani. Kutokana na kisa hicho Ibsen alipata kiini cha Nora. Umaarufu wa Nora nao ulimletea Laura fedheha nyingine, kwa kuwa watu walimtambua na kumnyooshea kidole kwa miaka mingi.

Basi Ibsen hakuwa mtu aliyepigwa mawe tu. Yeye pia alipata kurusha jiwe. Uamuzi wake kuhusu muswada huenda ulikuwa sahihi, lakini uliangukia mtu aliyekuwa ukingoni mwa shimo. Tunaposoma juu ya maumivu ya mwandishi aliyehakikiwa vikali, tusisahau kwamba mwandishi huyohuyo alikuwa mhakiki mkali wa mwingine.

MIZUKA

Tunafika sasa kwenye kipindi kilichoizaa tamthilia yetu. Tarehe 13 Desemba 1881 Ibsen, akiwa Roma, alichapisha Mizuka. Ni kana kwamba aliwajibu waliosema Nora angebaki. Bi Alving, mhusika mkuu, ni mke aliyebaki. Alivumilia ndoa na mume mfisadi, akalinda jina la nyumba, akajenga hata makao ya mayatima kwa kumbukumbu ya mume huyo. Malipo yake ni kumwona mwana wake wa pekee akiangamia kwa maradhi aliyoyarithi kutoka kwa baba yake. Ugonjwa wa zinaa, undugu uliofichwa na unafiki wa dini vilikuwa mambo ambayo hayakutajwa sebuleni, sembuse jukwaani.

Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 10,000. Baada ya mafanikio ya Nora, wauzaji vitabu walikuwa wameagiza kwa wingi. Sasa walirudisha mafurushi kwa mchapishaji. Watu waliona aibu kukutwa na kitabu hicho nyumbani, na toleo jipya halikuhitajika hadi mwaka wa 1894. Kumbi kuu za Christiania, Copenhagen na Stockholm ziliikataa tamthilia. Onyesho la kwanza kabisa lilifanyika mbali na kwao, mjini Chicago nchini Marekani, tarehe 20 Mei 1882, mbele ya wahamiaji kutoka Skandinavia.

Matusi ya wahafidhina Ibsen aliyatarajia. Kilichomchoma ni magazeti ya upande wa mageuzi, watu waliojiita wapigania uhuru wa mawazo. Walikuwa wamemshangilia alipowapiga wapinzani wao. Sasa walimkimbia kwa kuwaogopa wasomaji na wapiga kura wao. Waliomtetea walihesabika. Miongoni mwao walikuwa mhakiki wa Denmark Georg Brandes na, jambo lililomgusa sana, Bjørnson, yule rafiki aliyekosana naye. Kuhakikiwa vikali kulimwonyesha Ibsen marafiki wake wa kweli ni nani.

JIBU: ADUI WA UMMA

Kwa kawaida Ibsen alichukua miaka miwili kuandika tamthilia. Safari hii hakungoja. Novemba 1882, chini ya mwaka mmoja baada ya Mizuka, Adui wa Umma ilikuwa madukani, na Januari 1883 ikaonyeshwa Christiania. Ukumbi ule ule ulioikataa Mizuka ndio ulioikaribisha.

Ploti yenyewe utaichambua katika sura inayofuata, ila tazama jinsi mambo yaliyompata mwandishi yalivyogeuka kuwa tamthilia. Daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazouletea mji wake utajiri yana sumu. Anadhani atashukuriwa. Kaka yake, ambaye ni meya, anamtaka anyamaze. Mhariri Hovstad na mchapishaji Aslaksen, waliomwahidi kuitangaza habari hiyo, wanageuka mara wanapojua gharama itakayowaangukia wenye mji. Huko ndiko kuyachora magazeti ya mageuzi yaliyomkimbia Ibsen. Katika mkutano wa hadhara daktari anatangazwa kuwa adui wa umma. Madirisha ya nyumba yake yanavunjwa kwa mawe, yeye anapoteza kazi, na binti yake Petra anafutwa ualimu. Hata maji machafu yana maana pana. Ibsen alishutumiwa kwa kuonyesha uchafu. Katika tamthilia hii anatuuliza mkosaji ni nani, aliyeuleta uchafu au aliyeutaja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo majibu mengi ya mtihani hulikosa. Mwanafunzi huandika kwamba Daktari Stockmann ni Ibsen mwenyewe, akaishia hapo. Si hivyo. Stockmann ni mkweli na jasiri, lakini pia ni mwenye majivuno, mropokaji, anayependa kusikia sauti yake. Katika mkutano anaacha habari za maji na kuanza kuwatukana watu wote waliomo ukumbini, na kwa kufanya hivyo anaiharibu kesi yake mwenyewe. Ibsen alimwandikia mchapishaji wake kwa mzaha kwamba yeye na daktari huyo wanapatana sana, ila daktari amevurugika kichwa kumliko yeye. Mwandishi aliyejaa uchungu angeweza kujichora malaika. Yeye alichukua hasira yake, akaivalisha mtu mwingine, kisha akarudi nyuma na kuitazama. Kitendo hicho kiliigeuza hasira yake kuwa sanaa.

Angalia pia kwamba Stockmann hayatupi mawe yaliyorushwa nyumbani kwake. Anayaokota na kunuia kuyahifadhi ili wanawe wayarithi.

KUJIHAKIKI MWENYEWE

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1884, Ibsen alitoa Bata Mwitu. Humo kuna kijana, Gregers Werle, anayeamini kama Stockmann kwamba ukweli lazima usemwe wote, mahali pote. Anaingia katika familia maskini iliyokuwa ikiishi kwa amani juu ya uongo mmoja, anaufichua uongo huo, na mtoto asiye na hatia, Hedvig, anajiua. Mtu aliyeutetea ukweli kwa nguvu zote katika Adui wa Umma sasa aliuliza ukweli unaweza kumwumiza nani. Hakuna mhakiki aliyemwuliza Ibsen swali gumu kuliko hilo. Alijiuliza mwenyewe.

UZEENI

Kelele hazikuisha. Machi 1891 Mizuka ilionyeshwa London. Kwa kuwa sheria ya Uingereza ilidai kibali cha mkaguzi wa tamthilia, na kibali hakingepatikana, J. T. Grein aliionyesha kama onyesho la faragha la wanachama. Magazeti yaliifananisha na mtaro wa maji machafu na kidonda kilichoachwa wazi. Mfasiri wake, William Archer, alifanya jambo la busara. Aliyakusanya matusi hayo yote na kuyachapisha pamoja gazetini, bila kuongeza mengi. Yalipopangwa hivyo yaliwavua nguo waliotukana.

Mwaka huohuo Ibsen alirudi kuishi Christiania. Mwandishi kijana, Knut Hamsun, alikuwa akitoa mihadhara ya kuwashambulia waandishi wakongwe, na mkubwa wao alikuwa Ibsen. Ibsen alialikwa. Alikwenda, akaketi safu ya mbele, akasikiliza kimya kijana wa miaka 32 akiwaeleza watu kwamba tamthilia zake hazina kina. Mhadhara wa pili alirudi tena akakaa mbele. Mwishoni mwa mwaka uliofuata, 1892, alitoa Mjenzi Mkuu. Mhusika wake, Solness, ni mjenzi mzee anayeogopa kwamba vijana watakuja kubisha mlango wake. Ukimya wake ukumbini, basi, haukuwa wa mtu asiyeumia. Alikuwa ameumia, na alikwenda na maumivu yake mezani.

Mwaka wa 1895 alinunua picha kubwa iliyochorwa na Christian Krohg, akaitundika katika chumba chake cha kuandikia. Ilikuwa sura ya August Strindberg, mwandishi wa Uswidi aliyekuwa amemkejeli kwa miaka mingi, hasa kwa ajili ya Nora. Ibsen alieleza kwamba aliandika vizuri zaidi macho ya mtu huyo yakimkodolea. Wengi wetu tungeweka mezani picha ya anayetusifu.

Alipotimiza miaka 70, mwaka wa 1898, Norwe ilimsherehekea. Mwaka uliofuata Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa Christiania, na nje yake zilisimama sanamu mbili, ya Ibsen na ya Bjørnson. Mwaka huohuo alitoa tamthilia yake ya mwisho. Kuanzia mwaka wa 1900 alipatwa na kiharusi mara kwa mara, na mkono ukashindwa kuandika. Alifariki tarehe 23 Mei 1906, akazikwa kwa heshima za taifa. Mji ambao haukumpa nafasi chuoni, uliomzomea na kuikataa Mizuka, ulijaa waombolezaji.

MAFUNZO KWA MWANAFUNZI

Wahenga walisema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Methali hii inamfaa Ibsen, ila tuitumie kwa uangalifu, maana hata mti usio na matunda hupata kupigwa. Kuzomewa hakuthibitishi kwamba kazi ni nzuri. Usiku wa Mtakatifu Yohana ilizomewa na ilistahili. Mizuka ilizomewa na haikustahili. Kazi ya mwandishi ni kuzipambanua hizo mbili, na Ibsen alizipambanua kwa kuirudia kazi yenyewe badala ya kuhesabu kelele.

Mimi nimeshika kalamu nyekundu kwa miaka mingi, darasani na katika usahihishaji wa mitihani. Nimewahi kumwona mwanafunzi akirudishiwa insha na kuichana vipande viwili kabla hajasoma maoni niliyoandika chini yake. Nilikasirika wakati huo. Baadaye niliyakumbuka maoni yale na kuona kwamba yalikuwa ya kweli, lakini hayakumwonyesha aanzie wapi kurekebisha. Kisa cha Laura Kieler kimenifanya nisome maoni yangu mara ya pili kabla ya kurudisha madaftari. Na wewe ukirudishiwa yako, lala kwanza kama Ibsen alivyofanya na barua yake, kisha uyasome asubuhi.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza jinsi maisha ya utotoni ya Ibsen yalivyoathiri mtazamo wake kuhusu jamii. (alama 4)

2. Kwa kurejelea mapokezi ya Mizuka, fafanua usuli wa tamthilia ya Adui wa Umma. (alama 6)

3. Daktari Stockmann si nakala ya Ibsen. Tetea kauli hii kwa hoja tano kutoka kwenye tamthilia. (alama 10)

4. Linganisha jinsi Ibsen alivyoupokea uhakiki wa Peer Gynt na jinsi alivyoipokea mihadhara ya Hamsun. Ni mabadiliko gani unayoyaona? (alama 6)

5. Fafanua umuhimu wa jazanda ya maji machafu katika Adui wa Umma. (alama 4)

Kidokezo: Katika swali la tatu, usitaje sifa za Stockmann bila mifano. Mtahini anataka kuona mahali ambapo mwandishi anajitenga na mhusika wake. Anzia kwenye mkutano wa hadhara.